Bilingsgeti ya Mama

Maskati, 4 Machi 1966

Kwa mdogo wangu Aflah,

Assalaam alaykum. Hujambo, na mkeo hajambo? Kifua chako kimepoa na hiyo baridi ya London? Sisi Alhamdulillahi, ila mama magoti.

Barua yako nimemsomea. Pale ulipoandika, "Bilingsgeti ya mama ipo pale pale," hatukupafahamu. Tangu umwoe Mzungu bila ya kumwambia, mama hakutaji ila kwa kukuapiza. Siku hiyo kasema, "Geti! Mahbuba, mwanangu kanipatia nyumba yenye geti. Ananita!" Kalia sana. Kakupa radhi zake zote, na mkeo pia. Nami na Kiingereza changu cha chuo cha Kurani nikamwitikia. Ndivyo? Nambie, tumtayarishe.

Dadako,
Mahbuba

London, 20 Aprili 1966

Dada Mahbuba,

Waalaykum salaam. Sote wazima, kifua kimepoa.

Dada, nimeona haya. Bilingsgeti si nyumba. Ni soko la samaki la hapa, limeitwa kwa lango la zamani la mtoni. Wanawake wauza samaki wa pale walikuwa hodari wa kutukana, hata Waingereza wakalifanya jina la soko ndilo jina la matusi yenyewe. Nilikusudia mdomo wa mama, kwa vile alivyomwita mke wangu kinyago cha chokaa. Sisi chumba chetu kimoja. Mweleze wewe, unajua kusema naye.

Nduguyo,
Aflah

Maskati, 11 Julai 1966

Aflah,

Salamu. Natumai u mzima na mkeo. Mama magoti yamezidi.

Nnajua kusema naye! Keshaaga mtaa mzima. Bakhita jirani kamtania, "Bibi, ukifika getini usijifanye hutujui!" Kamjibu, "Wewe nitakufungulia, mdomo wako utabaki nje." Na mkeo, mama anamdarizia mtandio. Kaniuliza umejibu nini, nami nipo juu ya mswala, nikasema hujajibu. Mungu anisamehe.

Walipotutoa nyumbani Unguja siku za mapinduzi, mama hakumtukana mtu. Wewe kakutukana kwa kuwa ndiwe uliyebaki wake.

Hizo radhi sijui kama ni zako. Mimi simwambii. Mwandikie kwa mkono wako: ama umwite, ama umwambie ulivyomwita.

Tafadhali nijibu upesi.

Dadako,
Mahbuba