Malaria kwa Mwandiko Wangu

Mji wa Kale, Mombasa
Jumanne, Julai 1996

Rasharasha tangu alfajiri, baridi ya kusi, na mimi sina hamu ya chochote. Maghrib imeshapita na chai imepoa mbele yangu.

Leo nimemwandika Fadhili malaria. Nataka niliseme hilo kwanza kabla sijaanza kujitetea, maana najijua. Nikipewa kalamu na nafasi, naweza kujitetea mpaka nikajionea huruma.

Fadhili hakufa kwa malaria. Amekufa kwa unga, heroini, saa sita kasorobo mchana, juu ya kitanda cha pili cha zahanati yetu, nami nimekaa upande wa kichwani nikimpulizia hewa kwa mfuko wa mpira. Mimi ndiye muuguzi mkuu pale. Daktari huja Jumatatu na Alhamisi, na watu hawachagui siku ya kufa.

Asubuhi nilikuwa ofisi ya afya kufuata jibu la barua yangu. Miezi mitatu iliyopita niliomba naloksoni. Ni dawa ya sindano. Mtu aliyezidiwa na unga, pumzi zinamkatika, ukimdunga huzinduka mbele ya macho yako, na mara nyingine hukutukana kwa kumharibia starehe yake. Nimeiona ikifanya kazi mara moja tu, nilipokuwa hospitali kubwa, na sijaisahau. Sikuomba shehena. Niliomba vichupa kumi.

Afisa aliyenipokea ni bwana mpole, mtu wa Kaloleni, akanipa kiti na chai ya rangi. Barua yangu alikuwa nayo. Alikuwa nazo pia zile fomu ambazo zahanati yetu hupeleka kila mwezi, za mwaka mzima, akazifunua moja moja bila haraka. Malaria. Kifafa. Presha. Kizunguzungu. Malaria kali. Malaria. Mwandiko wote ni wangu, na hakuna aliyeughushi.

"Sista," akaniambia, "mimi naamini unayoyasema. Lakini humu hamna mgonjwa wa unga hata mmoja. Dawa nitamwombea nani?"

Ningemjibu nini? Kwamba kwetu kijana haletwi kwa unga? Huletwa amefunikwa shuka hadi usoni, na mamake humuwahi muuguzi mlangoni, akampa jina la ugonjwa kabla hajaulizwa. Muuguzi naye ni jirani, na kumsitiri mwenzako ni jambo tulilofunzwa pamoja na kusoma juzuu. Kila nilipoandika malaria nilijihisi mtu mwema. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Sikudanganya kwa uovu. Nilidanganya nikitarajia thawabu.

Yule bwana hakunilaumu. Alisema nianze kuandika kweli kuanzia leo. Akipata hata mgonjwa mmoja aliyeandikwa sawasawa, atakuwa na cha kushika mkononi anapobisha hodi kwa wakubwa wake. Nilitoka pale nimeshaapa. Nilirudi kwa miguu na rasharasha ile, buibui limeninata mwilini, nikijisemea: wa kwanza atakayeletwa, namwandika.

Wa kwanza aliyeletwa alikuwa Fadhili.

Mamake, Bi. Rukia, ni jirani yangu ukuta kwa ukuta. Fadhili alipozaliwa mimi nilikuwa msichana wa shule, na nilimbeba siku ya arubaini yake. Alikua akawa karani wa magunia kwenye maghala ya Shimanzi, kijana nadhifu, kalamu mfukoni, mpaka unga ulipomshika na kazi ikamtoka. Mwezi wa tano mamake alimpeleka kisiwani Faza kwa mjombake, mbali na unga. Jumamosi iliyopita akarudi. Amenenepa, macho yametakata, na sala ya jamaa haimpiti. Bi. Rukia kwa furaha aliniletea sahani ya mkate wa sinia, akaniambia mwanawe amepona ile malaria yake.

Nami nilijua. Mtu akikaa miezi miwili bila unga, mwili husahau. Kile kipimo alichokuwa akikihimili zamani, akikirudia sasa kinamuua. Nilijua hilo kama ninavyojua jina langu. Ilinipasa nimwambie: Mama, hatari ni wiki hii, usimwache peke yake. Lakini utamwonyaje mtu juu ya kitu ambacho nyumbani mwake hakina jina? Sahani ya jirani hairudishwi tupu. Nikaijaza tende, nikampelekea, tukakaa tukazungumza habari za posa ya bintiye, tukacheka, nikarudi kwangu.

Tende nilipeleka. Neno sikupeleka.

Leo binamu zake wawili walimleta wamembeba kwa shuka. Midomo imegeuka rangi, mboni za macho zimekuwa vinukta, pumzi moja, kisha kimya kirefu, kisha nyingine. Bi. Rukia alikuwa nyuma yao akisema malaria imempanda kichwani. Nilipiga simu kuomba gari la wagonjwa, nikaambiwa liko Likoni, linangoja feri. Basi nikashika mfuko wa mpira nikaendelea kumpulizia hadi vidole vikafa ganzi, huku nikiwazia vile vichupa kumi. Kimoja tu kingetosha. Hata nusu.

Moyo ulisimama. Niliushindilia kwa mikono miwili kwa muda ambao hata mwenyewe niliona umepita kiasi. Binamu mmoja ndiye aliyenishika bega akaniambia basi.

Baadaye nilikaa chumbani mwangu na daftari wazi mbele yangu. Jina niliandika. Umri nikaandika, miaka ishirini na sita. Nafasi ya ugonjwa ikabaki nyeupe. Nilikumbuka kiapo changu, na wallahi nilikuwa nimekusudia. Bi. Rukia aliingia akakaa kwenye benchi. Hakuwa akilia. Alikuwa ameshika ndara za mwanawe, akizifuta matope kwa ncha ya leso.

"Zuhura mwanangu, niandikia malaria," akasema. "Fadhili ashakwenda kwa Mola wake, hapana la kumdhuru tena. Lakini mimi nna waana wa kike wawili, hawayaolewa, na mkubwa posa yake ni Ijumaa. Nisitiri."

Nilijaribu. Nilimweleza habari ya barua na zile fomu, na yule bwana anayesubiri jina moja tu. Nilimwambia kwamba Fadhili akiandikwa kweli, huenda dawa ikaja, na wana wa mama wengine wakapona kwa ajili yake. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, wala hakukasirika. Kisha akaniuliza jambo moja.

"Hao wengine, mama zao wamekubali kuandikwa?"

Nikaitazama tena ile nafasi nyeupe daftarini.

Kwa nini awe yeye wa kwanza? Kwa nini binti zake ndio walipe, ilhali mwaka mzima nimewasitiri wengine bila kuwauliza chochote? Ningekuwa nimeandika kweli tangu mwanzo, Fadhili angekuwa mmoja kati ya wengi, wala hakuna ambaye angemwangalia mara mbili. Mimi ndiye niliyemfanya awe wa kwanza.

Nikaandika malaria. Niliandika kwa mwandiko safi kuliko siku zote. Kisha nikaandika hivyo hivyo kwenye kikaratasi cha kuombea kibali cha kuzikia, nikatia sahihi na muhuri.

Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo tulivyoambiwa tangu utotoni. Huku kwetu kifo hakimuumbui mtu. Kina karani wake, naye ni mimi.

Amezikwa baada ya alasiri. Nimekwenda matangani nikakaa na wanawake wenzangu juu ya mkeka, sijui pa kuweka mikono yangu. Bi. Rukia aliponiona aliinua sauti, wote wakasikia. Alisema, "Huyu amenisitiria mwanangu. Mola naye amsitiri duniani na akhera." Chumba kizima kikaitikia amina. Niliinamisha uso. Nadhani walidhani ni majonzi.

Ilikuwa aibu. Sijawahi kuombewa dua nikaionea aibu kama ile.

Nilipokuwa natoka, mtu akanishika buibui pale ngazini. Ni Mwana Amina, anayekaa kichochoro cha nyuma, mama mcheshi ambaye leo hakuwa na mzaha wowote. Aliangalia juu, akaangalia chini, kisha akaninong'oneza kwamba mwanawe Salim siku hizi yuwalala mchana kutwa. Chakula hataki, na kutwa ni kujikuna. Salim na Fadhili walisoma chuo kimoja cha Kurani na kucheza mpira timu moja. Aliniomba nipite kwake kesho, kimyakimya, nimwangalie.

"Naona ni malaria," akasema.

Alikuwa ananitazama machoni. Alijua ni unga, na alijua kwamba najua, na kwamba nitamsitiri kama nilivyomsitiri Bi. Rukia. Ndiyo maana alinijia mimi.

Nimemwambia nitapita.

Kesho ndiyo hiyo, saa chache tu zimebaki, na nyumba ya Mwana Amina si mbali. Nitakwenda na nini, tende au neno?