Kipimo cha Saa Tisa Kasorobo

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla ya Alhamisi, maana siku hiyo naitwa mbele ya baraza la wauguzi kujibu shtaka kwamba nilimtelekeza mama aliyetoka kujifungua, na nikishindwa nanyang'anywa leseni ya miaka kumi na moja, na mimi kazi nyingine siijui wala siitaki. Mchana ule wodini tulikuwa wauguzi wawili tu, na huyo mama nilitakiwa kumpima presha kila robo saa, nikampima, ila kwa haraka niliandika namba kwenye plasta niliyobandika kwenye aproni, kama tufanyavyo wote kazi inapozidi, nikisema nitahamishia kwenye faili baadaye, kumbe baadaye mama akaanza kutokwa damu akakimbizwa upasuaji, akapona nashukuru, lakini mumewe akakuta faili tupu akashtaki, na simlaumu. Plasta ninayo, nimeiweka kwenye kasha la miwani, ila ina vipimo sita badala ya saba, cha saa tisa kasorobo hakipo, kwa sababu dakika zile nilikuwa kitanda cha pili na mtoto wa mama mwingine, aliyezaliwa kimya, nikimpa hewa, nikimbonyeza kifua kwa vidole viwili, na nilipokaribia kukata tamaa akakunja uso kama mtu aliyeudhiwa, akavuta pumzi, akalia, rangi ikamwingia kuanzia kifuani hadi kwenye kucha, na mimi, mshauri, nikabaki namtazama nimesahau nilipo. Mwenzangu wa zamu, tunamwita Mama Mapacha, ananiambia, "Acha ushamba, dada. Kalamu ni ileile, nafasi ipo, andika namba moja ulale. Nani atajua?" Kalamu nimeishika mara tatu. Niandike?

Muuguzi, Wodi ya Wazazi

JIBU

Dada muuguzi, weka kalamu chini. Pale mtoto alipokunja uso niliinuka kitini nikazunguka chumba. Miaka yote hii nasoma barua za watu, na hapo nilirudi kupasoma mara ya pili.

Haya, sasa nikugombeze. Plasta si faili, na "tunafanya wote" ni jibu la watoto wa shule. Ungemwita mwenzako amwangalie yule mama. Kosa hilo ni lako, liseme kwa mdomo wako kabla hujaulizwa.

Mama Mapacha anakupenda, lakini anakuzamisha. Yule mtoto naye ana faili, na saa aliyolia imeandikwa humo. Ukijaza namba ya uongo, mafaili yakiwekwa mezani pamoja hata vipimo vyako sita vya kweli havitaaminika.

Leo hii nenda chama cha wauguzi uombe wakili, usiingie peke yako. Omba kwa maandishi nakala ya faili la mtoto na ratiba ya zamu. Plasta mkabidhi wakili ilivyo, usiisafishe. Na ukikutana na yule mume mlangoni usimkwepe, mpe pole.

Siwezi kukuahidi kwamba leseni itabaki. Wanaweza kukuonya, wanaweza kukusimamisha. Lakini watakapokuuliza ulikuwa wapi saa tisa kasorobo, utakuwa na jibu. Hapo palipo wazi kwenye plasta ndipo mtu alipoanza kupumua. Usimfute.