Mistari Iliyolalia Kushoto

Kwako Dada Mashoto,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko bahasha hii inavyoweza kubeba. Shemeji hajambo? Watoto je? Na ule mgongo uliokuwa ukiulalamikia kwa kuinamia cherehani kutwa nzima, umepata nafuu? Mimi ni mzima, ila nimezidi kukonda, na darasa la nne wamenibandika jina la Mwalimu Penseli. Wanadhani sijui. Juzi nilimsikia mmoja akiwaambia wenzake wanyamaze, Penseli anakuja. Nikajikausha, nikaingia kama sijasikia kitu.

Kazi inaendelea. Nina watoto hamsini na wawili, brashi ishirini, na rangi nyekundu iliisha mapema, kwa hiyo nyanya zote zilizobandikwa ukutani ni za rangi ya machungwa. Katika somo la ubunifu niliwaambia wabuni kiti. Mmoja akaleta kiti chenye miguu mitano, akanieleza kwamba wa tano ni wa akiba. Nilimpa alama zote.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu. Mwalimu mkuu alitaka nichague mchoro mmoja wa penseli upelekwe kwenye maonyesho ya shule, na mtoto aliyeuchora atapata nafasi ya kufundishwa sanaa wakati wa likizo. Niliwaagiza wakachore nyumbani chombo cha jikoni, wakitie na kivuli. Wengi walileta vikombe vinavyoelekea kuanguka. Msichana mmoja mpole wa dawati la mbele akaleta birika. Dada, birika lile lilikuwa limebonyea ubavuni, na ungetamani kupapasa pale palipobonyea. Mwalimu mkuu alipoliona akasema hakuna haja ya kutafuta zaidi.

Mimi niliuinamia mchoro tena, maana mistari ya kivuli ilikuwa imelalia kushoto. Anayetumia mkono wa kulia, mistari yake ya harakaharaka hulalia kulia. Mashoto ndio huilaza upande wa pili, bila hata kufikiri. Na msichana huyu anaandika kwa mkono wa kulia.

Wenzake walipotoka nilimwomba anichoree kikombe changu cha chai. Mistari ikalalia kulia. Hakungoja nimuulize. Alianza kulia, akasema birika ni la mdogo wake wa darasa la pili, ambaye ni mashoto. Mdogo mtu alikuwa amelichora akaliacha mezani, na mama yao alipoliona alifurahi mno, mpaka yeye akajikuta amesema ni lake.

Nilimwambia kosa hilo bado linafutika. Nikampa kifutio, akafuta jina lake kwenye kona, akaandika la mdogo wake, akapenga kamasi. Haikuchukua dakika tano. Alipofika mlangoni akageuka kuniuliza nimejuaje, ilhali hata mwalimu mkuu hakujua. Nikamwambia akimbie, kengele imelia. Kengele haikuwa imelia.

Jibu lake nakuandikia wewe. Unaukumbuka ule mchoro wako wa viatu vya Baba? Uliutafuta siku mbili, ukapekua hadi chini ya godoro, Mama akakugombeza kwamba huna mpangilio, na mwisho ukaamini umewashiwa moto jikoni pamoja na karatasi chakavu. Haukuungua, Dada. Niliuchukua mimi. Sote wawili tulikuwa tunaomba chuo kile kile, kila mwombaji alitakiwa apeleke mchoro mmoja, na wangu ulikuwa wa kutia aibu. Niliandika jina langu kwenye kona, nikautuma. Siku ya mwisho ilipofika ukasema basi, huna bahati na karatasi, ukaenda kujifunza kushona. Hukuchora tena. Mpaka leo unakata vitambaa kwa mkasi uliotengenezewa mkono wa kulia, na Baba anawasimulia wageni jinsi mwanawe wa kiume alivyojaliwa mkono.

Yule mtoto amerekebisha kosa lake kwa dakika tano. Mimi imenichukua miaka kumi na tisa. Naona aibu, na sina cha kujitetea.

Chuo kilinirudishia mchoro nilipohitimu, nami nimeuweka kwenye faili miaka yote. Nimeutazama mara nyingi mno. Ndiyo maana nazijua vizuri hivyo kazi za mashoto.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Baba nitamwambia mwenyewe nikija likizo, tafadhali usinitangulie. Ukikasirika una haki, ila nijibu, hata kama ni kwa kunitukana.

Viatu vya Baba vimo humu ndani ya bahasha. Jina langu nimelifuta, ingawa ukiinamisha karatasi kwenye mwanga alama yake bado inaonekana. Nimekuchongea na penseli. Kona iko wazi, andika lako.

Ni mimi mdogo wako,
Penseli