Kwa Dada Zuhura, Kuhusu Ile Klachi

Dada yangu Zuhura,

Shikamoo. Nakuamkia mapema, maana ukishasoma yaliyo chini sijui kama utazitaka tena salamu zangu. Barua hii sikuifunga, na anayetaka kuisoma na aisome. Nilichokifanya nilikifanya mbele za watu, na uongo uliosemwa hadharani hauombewi radhi chumbani.

Nataka kusema habari ya pikipiki yako. Ile ndefu nyeupe, ya matairi yenye meno makubwa, iliyoletwa na mradi wa mifugo mwanzoni mwa miaka ya tisini. Zilikuja nne. Tatu wakapewa wanaume, ya nne ukapewa wewe, kwa sababu ulikuwa umesoma kuliko wao wote na hapakuwa na namna ya kukuruka. Mama aliposikia alikaa kitako kwenye ngazi. "Zuhura, mwanangu, utapanda vipi kitu kile na wewe mwanamke?" Ukamjibu, "Kwa mguu wa kushoto, mama." Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na mama naye akacheka huku ananipiga na upawa.

Ukaja gerejini kwangu Mlandege na kitabu cha sevisi umekifunga ndani ya kanga. Kitabu chote Kiingereza. Mimi mkono hodari, Kiingereza hamna. Ukawa unasoma, nami nashika spana. "Oili, kila kilomita elfu tatu," ukasoma. Nikakwambia hao walioandika hawajalijua vumbi la njia ya Kizimkazi, lile jeupe la mawe ya pwani, ukirudi huko hata kope zako nyeupe. Tukapiga hesabu zetu wenyewe. Oili imwagwe kila elfu moja na mia tano. Ea klina, lile sponji linaloichujia injini hewa, lioshwe kila ukirudi kusini. Cheni ipakwe mafuta kila Alkhamisi, kwa kuwa hewa yetu ina chumvi na chumvi haina mswalie Mtume. Valvu zipimwe asubuhi, injini ikiwa baridi, kabla hujaiwasha. Ukaviandika vyote kwa wino wa buluu ndani ya jalada, na juu yake ukaandika: Kanuni za Nassor. Hakuna mtu aliyewahi kuyaandika maneno yangu kabla ya siku ile. Nilitembea mjini siku mbili nikijiona mkubwa.

Na ulizifuata, wallahi. Wale wanaume watatu wakiniletea zao zinalia, cheni imelegea mpaka inapiga chuma, oili imekuwa lami. Wewe unakuja na kitambaa chako, kilomita zako unazijua kwa moyo, unainama kuzigonga spoki moja moja na kusikiliza mlio. Siku moja ulisema, "Nassor, valvu inagonga, upande wa kulia." Nikabisha. Nikafungua, nikapima, kweli imelegea. Nikakwambia, "Bahati tu hiyo." Haikuwa bahati, dada. Ulikuwa na sikio kunishinda, na mimi nikaona taabu kulitamka.

Unakumbuka siku uliyonipakia kwenda Mkokotoni? Suruali yako pana chini ya kanzu, mtandio ndani ya helmeti, sanduku la barafu la chanjo nimelipakata mimi huku nyuma. Tulipofika, Bi Mwanakheri akatoka zizini na ndoo ya maziwa, akasema, "Leo Bi Daktari kaja na msaidizi!" Nikamshika ng'ombe pembe, ukampiga sindano, ng'ombe akanikanyaga, kijiji kizima kikacheka. Nilifurahi siku ile. Lakini tulipokaribia mjini, pale Saateni, nikakwambia, "Nishushe hapa, nna shughuli."

"Shughuli gani Saateni?"

"Nna mtu."

Ukanishusha. Sikuwa na mtu wala shughuli. Sikutaka vijana wa barazani wanione nimepakiwa na dada yangu. Nikarudi mjini kwa miguu, mguu mmoja umevimba kwa kukanyagwa na ng'ombe, na heshima yangu nimeibeba begani.

Maana barazani walishaanza. Tunakunywa kahawa, pikipiki ikisikika mbali, mmoja anasema, "Nassor, anakuja mwanamme wa nyumba yenu." Wote kicheko. Mimi nami nilicheka pamoja nao, hilo ulijue.

Kisha nikapeleka posa kwa kina Rahma, Kiponda. Posa haikukataliwa, ila jibu likawa linazungushwa. Shangazi yake akamwambia ami yetu kwamba nyumba ambayo mtoto wa kike anakaa panda, mguu huku na mguu huku, juu ya chuma mchana kweupe, yeye haoni vipi atapeleka mwana wao. Ami Salim akanijia gerejini, hata hakukaa. "Baba yenu hayupo. Wewe ndiye wa kumwambia Zuhura aiache hiyo takataka." Nikasema, "Naam, ami." Nikafunga gereji nikaja nyumbani, nikakukuta unamsimulia mama jinsi ndama wa Kizimkazi alivyopona. Sikuwa na uso wa kukwambia. Nikala wali nikalala.

Ningekwambia, dada! Tungegombana, ungenitupia kiatu, yangekwisha. Badala yake nikatumia njia ambayo fundi pekee angeiona.

Nilikwambia injini imechoka na kanuni zimebadilika, sasa iletwe kila kilomita mia tano. Ukaikata ile elfu moja na mia tano kwa mstari mmoja, ukaandika mia tano, hukuuliza. Ukiileta naiweka siku tatu. Baadae wiki. Baadae nikakwambia kuna kifaa kinatoka Dar es Salaam. Hakikuwepo kifaa. Pikipiki haina ila yoyote, nimeifunika turubai kule nyuma, na nikikusikia unakuja nachukua spana nagongagonga chuma chochote. Nikijifariji kwamba sikuharibu hata nati moja. Ati fundi mwaminifu!

Ukawa unakwenda kwa gari ya abiria ya shamba, sanduku mapajani, ukishuka unatembea. Siku moja ukienda Mkokotoni gari ikakwama njiani, barafu ikayeyuka, chanjo yote ukaimwaga. Kabla hujapata nyengine, ng'ombe wawili wa Bi Mwanakheri wakafa. Ulikuja ukakaa juu ya tairi kuukuu, miguu yako ina vumbi mpaka magotini. "Nassor, hicho kifaa bado tu?"

"Bado, dada. Subira."

Subira! Mimi ndiye niliyekuhubiria subira, na turubai liko nyuma yangu hatua nne.

Kazini kwako nako wakaanza kuhesabu siku. Pikipiki tatu zinatembea, ya mwanamke imelala gereji. Wakataka kukunyang'anya wampe mwengine, wewe ukae mezani uandike. Ukaja kunichukua asubuhi, umevaa baibui lako zuri, kitabu cha sevisi umekikumbatia. Hukuwa na wasiwasi hata chembe. "Twende, Nassor. Fundi ni wewe. Waambie tu nilivyoitunza."

Mkubwa wenu, Bwana Khatib, alinipa kiti. Mtu mpole, hakunibana. Akauliza, "Fundi, tatizo ni mashine au ni mwendeshaji?"

Nilikuwa na mlango wazi mbele yangu. Ningesema tatizo ni mimi. Ningesema hata mashine. Mimi nikatazama sakafu nikasema, "Ni klachi, bwana. Anaikalia klachi, haachii mkono sawasawa, sahani zinaungua. Mkono wa mwanamke, bwana, unajua tena."

Sahani zile zilikuwa nzima. Nilizitoa na kuzipima kwa mikono yangu mwenyewe, zilikuwa kama zimetoka dukani.

Ulinitazama. Nilingoja unikane, unisute, uwaonyeshe maandishi yako ya buluu. Ukakiweka kitabu juu ya meza ya Bwana Khatib, ukakinyoosha kikae sawa na ukingo, ukasema, "Haya. Mpeni anayeweza." Tukarudi nyumbani pamoja kwa miguu, na tulipofika Darajani ukaniuliza kama nimekula.

Jibu la posa likaja. Nikaoa. Ulinipaka hina mwenyewe, na harusini uliimba mpaka sauti ikakukauka. Mwaka haukupita ukaposwa, ukaenda Maskati. Pikipiki nayo aliyepewa hakuiosha ea klina hata mara moja. Waliniletea juu ya mkokoteni, injini imekufa. Nilipoifungua nilikuta vumbi jeupe limeichuna silinda kwa ndani. Nikalipangusa kwa kidole, nikaona haya kama niliyemkuta mtu wangu uchi.

Nimekaa na hayo miaka, na ningeendelea kukaa nayo, kwa kuwa woga wangu ni mkubwa kuliko dhamiri. Lakini mwezi uliopita niliitwa Mangapwani kutengeneza pampu ya maji, na mwenye pampu alikuwa Bwana Khatib. Amestaafu, ndevu zote nyeupe. Nilipomaliza akaniletea chai na mkate wa mchele. Nikashindwa kuinywa. Nikamwambia, "Bwana, ile klachi ya dada yangu ilikuwa nzima."

Akakoroga chai yake taratibu. "Najua."

"Unajua vipi?"

"Alirudi kesho yake, peke yake, kuleta funguo. Nikamwambia, 'Bi Zuhura, mimi nimekisoma kitabu chako, mtu anayeandika hivi hachomi klachi. Sema neno moja tu, namwita fundi mwengine aifungue mbele yetu.' Akanambia, 'Ukimwita, mdogo wangu ataonekana mwongo mji mzima, na kina Rahma bado hawajatoa jibu. Wacha, bwana.' Nikamuuliza, 'Na wewe je?' Akasema, 'Mimi nshajua kuiendesha. Hilo hakuna wa kunipokonya.'"

Nilitoka nje nikakaa karibu na ile pampu, mtu mzima na mvi zangu, nikalia. Bwana Khatib hakunifuata, Mungu amlipe.

Kumbe ulijua! Ulijua ofisini, ulijua ulipokuwa unanipaka hina. Kila Ijumaa unanipigia simu unaniuliza mgongo wangu unaendeleaje, nami najibu kama mtu mwema, kumbe unajua. Nimemsimulia Rahma yote. Akasema, "Sisi tukisikia pikipiki ya Zuhura tukipanda mbio juu darini kumwangalia. Unadhani kwa nini niliikubali posa yako? Nilisema wifi atanifundisha." Tangu siku hiyo ananipa salamu na chakula, mazungumzo hakuna. Nastahiki.

Basi na wanaosoma wajue, na wale wa barazani walio hai wajue, na shangazi wa Kiponda naye asomewe. Zuhura binti wa nyumba yetu hakuunguza klachi. Hakuna mwanamme niliyemtengenezea pikipiki kisiwa hiki aliyeitunza kama yeye. Ng'ombe wa Bi Mwanakheri wako shingoni mwangu, na kazi yake aliyoisomea akaipenda niliiua mimi, kwa kuogopa kicheko cha watu ambao nusu yao leo sikumbuki majina.

Sikuombi unisamehe. Hilo ulishalifanya zamani, hukuniuliza, na ndilo linaloninyima usingizi. Ulinibeba, dada, na hukunambia kwamba nina uzito. Nakuomba jambo jengine. Nikasirikie. Ijumaa ukipiga simu, usiniulize mgongo. Nitukane kama ungenitukana siku ile, yote uliyoyameza. Nitakuwa gerejini, wateja wamekaa, na simu nitaifungua spika.

Mimi mdogo wako,
Nassor, fundi wa Mlandege