Nilimmwagia Luwam maji ya baraka mbele ya timu

Letezghi, binti yako Winta akianza haya mazoezi mapya ya baiskeli, usimfuate. Mimi leo nimeaibika.

Nimempelekea binti yangu Luwam chakula mazoezini, kwenye barabara ya kwenda mji wa Keren. Namkuta anakimbiza baiskeli kama anafukuzwa na mbwa, sekunde kumi tu, halafu anajitupa chini anahema. Anainuka, anaruka juu ya sanduku la mbao, anaruka tena. Na huyu ni mtoto anayefika Keren bila kushuka kwenye baiskeli!

Nikasema huyu ana pepo. Nikatoa chupa ya maji ya baraka, nikammwagia yote. Yote, Letezghi.

"Mama, ndiyo mazoezi yenyewe. Ya kuchomoka mwisho wa mbio."

Kumbe leo kocha Okbai anachagua wa kwenda mashindano. "Mama Luwam, tulia. Imebaki mbio moja, na ndiyo inayoamua." Wenzake Luwam wanacheka mpaka wanashika matumbo.

Luwam akapanda vilevile, ametota, hasira mpaka masikioni. Akawaacha wote. Jina lake limeandikwa kwenye orodha ya mashindano.

Bado amenikasirikia. Sasa hivi yuko jikoni anakula, amenipa mgongo. Lakini sahani ya chakula changu ni ya pili.