Nimekata Paa la Kanisa kwa Msumeno, na Magoti Sipigi

Shangazi Sue,

Naitwa Nerima, fundi wa mbao hapa Rongai, na nataka unisaidie kabla ya Jumapili kwa sababu kanisa limeniambia nipige magoti mbele ya watu wote niombe msamaha, na moyo wangu umekataa kabisa. Baba mkwe wangu, Mzee Makhanu, ndiye mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, na miaka sita iliyopita alipanda mikaratusi chotara, ile ya kukua mbio, ikapanda juu hadi watu wa Njoro wakawa wanakuja kuitazama, sasa mwaka huu akaikata yote akaitoa kwa kanisa iwe mbao za paa la darasa la watoto, na tulimpigia makofi, hata mimi nilipiga. Lakini mbao zilipoletwa kwangu nizirande nikaona mambo, bado mbichi, zimepasuka vichwani, zingine zimejipinda, na katikati kuna ule moyo laini wa mti mchanga, basi nikalaza moja juu ya mawe mawili nikaipangia mifuko ya simiti, mfuko wa tatu ikavunjika, na mbao ya msaiprasi mkongwe ya ukubwa ule ule ikabeba saba bila kulia.

Nikamwambia, "Baba, hizi haziwezi kubeba paa."

Akanijibu mbele ya mafundi, "Mti umekua haraka kwa baraka ya Mungu, wewe unaona kasoro. Nani alikufundisha mbao?"

Nikasema ni baba yangu, aliyekarabati mabehewa ya reli Nakuru miaka ishirini. Akaniondoa kazini, akamwita fundi mwingine, Odongo. Ijumaa nikapita pale darasani nikakuta fremu nne za paa ziko juu, moja imeshalegea katikati na hata bati hazijawekwa, na chini watoto wanacheza, Shantel wangu akiwa mmoja wao, nikawafukuza wote, nikabeba msumeno wa mashine, nikapanda, nikazikata zote nne, huku nikipiga kelele kwamba mzee anataka kuzika watoto. Bwanangu Micah ananiambia, "Piga tu magoti, yaishe." Mimi sitaki yaishe hivyo. Nifanye nini?

Nerima, Rongai

*

Nerima,

Umewatoa watoto chini ya paa bovu. Kwa hilo nakupa mkono, na mtu asikuambie ulikosea.

Sasa keti nikugombeze. Kusema mzee anataka kuzika watoto ni uongo, na unajua. Alitoa kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo, na wewe ukamvua nguo hadharani. Halafu kupanda juu ya fremu uliyosema haina nguvu, ukiwa na mashine mkononi! Shantel angelelewa na nani?

Nimemuuliza Kinyanjui, ambaye amepasua mbao Elburgon tangu ujana wake. Akasema, "Mti kukua haraka si dhambi. Dhambi ni kuukata ukiwa mtoto na kuupandisha paani ukiwa na maji." Kumbe baba mkwe wako hakupanda mti mbaya. Hakungoja tu. Mwambie hivyo, kwa maneno hayo hayo, maana mtu mzima husikia vizuri akiachiwa heshima yake.

Kesho mchana nenda kwake na Micah. Omba msamaha kwa lile neno moja, na kwa kukata bila ruhusa. Kwa mbao usiombe. Kisha mwambie achague mwenyewe mbao nne anazoziamini, azilaze juu ya mawe, apange simiti kwa mkono wake, kamati ikitazama. Mkaguzi wa majengo wa kaunti naye aitwe, aandike anachokiona. Mbao zilizobaki zitengenezwe masanduku ya viazi, yauzwe, pesa inunue msaiprasi uliokauka. Zawadi ya mzee itakuwa imelijenga darasa vilevile.

Na wewe Micah, najua unasoma. Mkeo ameokoa mtoto wako, nawe unatafuta mahali pa kujificha. Simama karibu naye.

Wakikataa yote hayo, Jumapili nenda, vaa vizuri, keti mbele. Wakikuita upige magoti, inuka useme kwa sauti ya kusikika hadi nje: kwa Mungu nitapiga, lakini kwa mbao mbichi, hapana. Kisha mchukue Shantel, na asiingie darasa hilo hata siku moja mpaka wabadilishe paa.

Shangazi Sue