Sanduku Letu Limeenda Fungate

Jumatatu, 3 Novemba

Kwa hivyo ndiyo, nimelipiga pasi lile gauni la njano mara ya pili, na Akinyi acheke mpaka achoke. Akinyi ndiye ninayelala naye chumba kimoja hapa hosteli, Doha. Anasema mwanamume aliyenioa juzi hawezi kusahau sura yangu hata nikivaa gunia. Juzi! Ni tangu mwisho wa Agosti. Tulikaa siku tatu baada ya harusi, kisha hoteli ninakofanya kazi ikapiga simu: wageni ni wengi, rudi. Nikarudi. Ndoa yangu yote tangu hapo imekuwa ndani ya simu.

Leo zamu ya asubuhi, West Bay, orofa ya tisa. Kila kitanda nilichotandika nilimwona Mwadime amekilalia. Sioni haya kuandika hivyo. Ni mume wangu.

Anatua kesho. Wiki moja tu, kisha anarudi Voi kwenye karakana yake ya useremala. Hosteli yetu ni ya wanawake, mwanamume hapiti geti, kwa hivyo nimechukua chumba katika hoteli ndogo ya Abu Hamour. Chumba chetu! Nataka wiki moja tu ya kuamka kando ya mume wangu. Sitaki kingine duniani.

Jumanne, 4 Novemba

Amefika. Amekonda kidogo. Amependeza sana. Nilimkumbatia mpaka mlinzi wa uwanja akakohoa.

Sanduku halijafika. Alipanda ndege pamoja na Waitaliano wa Malindi waliokuwa wakirudi kwao kupitia Doha, na huko Mombasa karatasi za masanduku zikabadilishana. La Mwitaliano mmoja liko hapa. Letu liko Roma. Ndani mna nguo zake zote, zawadi za mama yake, na cheti chetu cha ndoa.

Mwadime hakukasirika. Alisema, "Basi sanduku limetangulia fungate." Alifanya kazi Malindi miaka mingi, akiwatengenezea Waitaliano vitanda na makabati, na mmoja wao alimsimulia mji ambao barabara zake ni maji. Tangu hapo anautamani. Tulipokuwa wachumba aliniahidi kunipeleka. Sasa limeenda sanduku.

Halafu hotelini. Hapa niandike polepole maana bado nina hasira.

Mimi nilibaki nje nikiongea na watu wa ndege kwenye simu. Mwadime akaingia peke yake. Pale mapokezi kuna Mzee Idris, Msudani, miwani mikubwa. Akamtazama Mwadime, akanionyesha mimi kwa kidole kupitia kioo, akauliza neno moja tu alilolisikia Mwadime: karibu? Mume wangu, mtu wa watu, akaona amekaribishwa vizuri kwa Kiswahili. Akaweka mkono kifuani. "Karibu! Karibu sana, mzee!"

Kumbe kwa Kiarabu karibu ni mtu wa ukoo. Mzee alikuwa anauliza kama huyu ni jamaa yangu.

Nilipoingia nikakuta funguo mbili mezani. Mimi orofa ya pili, jamaa yangu orofa ya nne.

Nikasema ni mume wangu. Mzee Idris akavua miwani. Kwanza jamaa, sasa mume? Akaomba cheti. Pasipoti yangu bado ina jina la baba. Picha ya cheti kwenye simu? Hatuna. Nani hupiga picha cheti? Tulipiga keki. Nikamwonyesha picha za harusi, keki na vyote. Akasema tumependeza, lakini mudiri wake, yaani meneja, anataka karatasi.

Kwa hivyo naandika haya orofa ya pili. Mume wangu yuko juu yangu, orofa mbili. Nasikia mtu anatembea, najidanganya ni yeye.

Jumatano, 5 Novemba

Watu wa ndege wanasema sanduku litarudi kesho. Mwadime kavaa suruali ya jana na fulana niliyomnunulia, ya ngamia kifuani. Anapendeza hata na ngamia.

Baada ya zamu nikamwambia twende Italia. Kuna jengo la maduka hapa ambalo ndani yake mna mto, madaraja, nyumba za rangi za Kiitaliano na dari iliyopakwa rangi ya anga. Jua lake halitui. Alisimama mlangoni kama mtoto. Akagusa ukuta. Akasema si mawe, ni plasta, lakini fundi alijua kazi.

Kwenye metro alikuwa amekwishatuaibisha. Nilipanda behewa la familia, yeye akatumwa la wanaume kwa sababu alikuwa hatua kumi nyuma akitazama ngazi za umeme. Akashuka stesheni isiyo yetu. Nikarudi kumtafuta. Naye kumbe amerudi kunitafuta. Tulipishana mara mbili, tukipungiana mikono kupitia vioo.

Tukakata tikiti ya mashua. Mwendesha mashua alivaa fulana ya mistari na kofia yenye utepe. Mwadime akajinyoosha, akatoa Kiitaliano chote alichonacho. Ciao, come stai, piano piano. Yule kijana mkubwa akamtazama.

"Buda, mimi ni wa Kakamega."

Tulicheka mpaka mashua ikayumba. Akatuzungusha mara ya pili bure, akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya Kiitaliano. Mwadime alinishika mkono chini ya gauni, hapo penye mikunjo, pasipoonekana. Mkono tu. Nilitetemeka kama msichana wa kidato cha pili.

Kisha tukarudi hotelini. Lifti. Orofa ya pili mimi nikashuka. Mlango ukamfungia ndani akinitazama. Sipendi lifti.

Alhamisi, 6 Novemba

Siku mbaya. Halafu ikawa siku nzuri kuliko zote. Niandike yote.

Sanduku halikuja. Limetoka Roma, limepelekwa Milano. Mwadime akasema kwa mwendo huu litamwona Papa na mechi ya mpira.

Alasiri tukaenda Italia ya pili, kile kisiwa cha kutengenezwa chenye nyumba za rangi na maji ya kweli katikati. Hii ya pili ina anga la kweli. Na joto la kweli. Viatu vya Mwadime ni vile vya harusi, vinabana, ndivyo pekee alivyonavyo. Akaketi ukingoni mwa maji apumzishe miguu. Kimoja kikaanguka. Kikaelea kama mashua, kikapita chini ya daraja, watalii wakakipiga picha. Mfagiaji mmoja wa Nepal akakikimbiza na wavu wake mpaka akakivua. Mwadime akampa mkono kama vile kaokoa mtu.

Hosteli yetu haikuwa mbali sana na njia ya basi, nikasema tupite nimchukulie ndara. Getini mlinzi akauliza, huyu ni nani? Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimechoka kuulizwa. Nikiwaza habari ya cheti tena, nikasema, "Kaka yangu." Akamruhusu aketi kwenye benchi la wageni hapo getini. Nikakimbia ndani, nikarudi na ndara zangu za waridi. Mwadime akazivaa, visigino nje. Ndani ya basi alitazama dirishani njia nzima.

Tulipoingia hotelini akasimama katikati ya mapokezi.

"Kaka yako? Kaka yako ndiye aliyetoa mahari?"

"Usiniletee habari za mahari hapa! Ungesimama nje na mguu umelowa?"

"Ningesimama. Ningesimama mpaka asubuhi. Umenikana, Wakesho."

Nikapandwa na hasira. Nikasema mimi ni mke wake halali, mbele ya Mungu na mbele ya shangazi zake wote wenye midomo. Akasema basi ile harusi ilikuwa ya nini, ya kula keki? Nikalia. Nilimpigia kelele nikilia. Yeye naye macho yalikuwa mekundu, na zile ndara za waridi, na yule ngamia kifuani.

Mzee Idris alikuwa amesimama muda mrefu. Akapiga meza kwa kiganja.

"Mahr?" Akamwelekezea Mwadime kidole. "Wewe, umelipa mahr? Ya huyu?"

"Ndiyo! Ng'ombe!" Mwadime bado ana hasira. "Na mbuzi!"

"Arus? Halal?"

Nikasema ndiyo, harusi, halali, ndiyo. Maneno yale ni yao kabla hayajawa yetu, na sisi tulikuwa tumeyapiga kelele muda wote. Mzee akasema kwa Kiingereza chake kilichovunjika kwamba ana miaka thelathini na mkewe na anajua jinsi mume anavyofokewa. Jamaa hafokewi hivyo. Akauliza, basi ile karibu ilikuwa nini? Nikamweleza kwamba kwetu karibu ni kumkaribisha mtu. Akashika kichwa.

"Ananikaribisha mimi? Kwenye hoteli yangu?"

Akacheka mpaka akafuta miwani. Akaingia ofisini kwa mudiri, tukasikia maneno mengi, akatoka. Mudiri amekubali, cheti kifuate kikifika. Akachukua funguo zote mbili mkononi mwetu, akarudisha moja.

Nilimwomba Mwadime radhi ndani ya lifti. Nilisema sitamwita kaka tena, hata mbele ya simba wa Tsavo. Akasema yeye naye hakupaswa kupaza sauti mbele ya watu. Safari hii tulishuka pamoja.

Ijumaa, 7 Novemba

Niliamka, yupo. Nilimtazama muda mrefu. Anakoroma kidogo, kama msumeno wa mkono, taratibu. Nina furaha. Hayo tu.

Baadaye. Kanisani Mesaimeer, Wakenya na Waganda tele kama kawaida ya Ijumaa. Wageni walipoitwa wasimame, Mwadime akasimama na viatu vyake vilivyokauka vikiwa vimepinda mbele. Mchungaji akamuuliza yeye ni nani. Kabla hajafungua mdomo nikasimama mimi. Nikasema, "Huyu ni mume wangu, Mwadime, wa Voi." Kwa sauti kuliko ilivyohitajika. Vigelegele! Sikutaka kukaa chini.

Nilikuwa nimemsimulia Akinyi habari za getini. Alikuwa ameketi kando yangu, akaninong'oneza, "Petro alikana mara tatu, wewe moja. Umebakisha mbili, my dear, zitunze." Mwadime alimsikia, akacheka kuliko wote. Ndipo nikajua yamekwisha.

Jumapili, 9 Novemba

Jana sikuandika. Sikutaka kutumia mkono kwa kalamu.

Sanduku limefika! Limebandikwa karatasi kila upande, limekwaruzwa, lina sura ya mtu aliyeona dunia. Njugu za mama mkwe zimetembea Italia na kurudi bila kupungua. Leso aliyonitumia iko salama. Cheti kiko salama, kimekunjwa ndani ya soksi.

Tulishuka nacho mbio kwa Mzee Idris. Akakisukuma kando bila kukifungua. Akasema, "Mimi nilishasoma Alhamisi." Akakipeleka kwa mudiri, akarudi na kahawa vikombe vitatu. Mwadime alikwisha kumtengenezea kiti chake, kile cha mapokezi kilichokuwa kinayumba. Kwa kisu cha jikoni na gundi tu. Nampenda mtu huyu, jamani.

Jumatatu, 10 Novemba

Kesho anaondoka. Nimetandika vitanda vibaya, nimerudishwa vyumba viwili.

Nilikwenda kwa Madam Liza, supavaiza wetu, Mfilipino mkali asiyependa hadithi. Nilitaka asubuhi moja tu nimsindikize mume wangu uwanjani. Akauliza, mume gani? Nikamwambia. Akauliza tulikaa muda gani baada ya harusi. Nikasema siku tatu, kisha mkanipigia simu.

Akasema ile simu alipiga yeye. Hakujua ni harusi. Kwenye karatasi iliandikwa likizo tu. Akatazama ratiba ya zamu ukutani, akaivuta, akaitazama tena. Akasema asubuhi nimepata. Na zile siku tulizokatwa bado ni zangu, kundi la wageni wa mkutano likiondoka nizichukue, kuanzia tarehe ishirini na nne.

Nilimkumbatia. Alisimama wima kama ubao. Halafu akanipapasa mgongo, mara moja.

Sikumwambia Mwadime kwenye simu. Nilimwambia uso kwa uso, usiku huu. Alikaa kitandani, akafunika uso na ile fulana ya ngamia. Nadhani alilia. Sikumfunua.

Jumanne, 11 Novemba

Nimemsindikiza. Nilivaa gauni la njano. Hatukusema mengi. Karatasi ya sanduku tuliisoma wote wawili, herufi kwa herufi. Aligeuka mara nyingi mpaka akagongana na mtu.

Nililia metroni. Mama mmoja Mhindi akanipa tishu, hakuuliza kitu. Nilipofika hosteli nilikuwa nimenyamaza.

Jumatano, 12 Novemba

Akinyi yuko zamu ya jioni. Chumba kimetulia. Nimekunywa chai na kula njugu chache.

Amefika Voi salama. Ameandika kwamba mvua imenyesha huko, vumbi limelala, mama yake anauliza nimenenepa au nimekonda. Anasema kile kitanda alichonacho ni cha ujana wake, cha mtu mmoja, tulikilalia siku zile tatu kama vijiko viwili kwenye sahani moja. Ameanza kuchonga kipya asubuhi ya leo. Cha mvule. Kipana. Aliniuliza nataka nakshi gani upande wa kichwani.

Nimemwambia asiweke nakshi, asije akachelewa. Kiwe kimepakwa vanishi au hakijapakwa, mimi nakuja. Likizo imetiwa sahihi leo. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa Voi.